Nyimbo Kumi na Nne za Bati Kumi

Kijana aliyekuja juzi kibandani kwangu Gikomba kumnunulia mchumba wake mkoba alikuwa na simu inayoimba mfukoni. Nilikuwa nimetaja bei yangu, naye ametaja yake, na tulikuwa tumefika ile sehemu tamu ya biashara ambapo kila mmoja anajifanya ana mahali pengine pa kwenda. Hapo ndipo niliposikia sauti ambayo ningeitambua hata kichwa changu kikiwa ndani ya ndoo ya maji. Nikamwambia atoe simu nione. Kwenye kioo kulikuwa na uso wa Bati Kumi, na chini yake nyimbo zake bora zimepangwa kwa mstari. Nikazihesabu. Kumi na nane. Nikazihesabu tena, kwa sababu kioo cha simu huteleza. Kumi na nane.

"Wameongeza nne," nikasema.

"Kumbe unamjua, mathe? Si huyu ni wa zamani sana?"

Kwa lile neno mathe, yaani mama, nilimwongezea bei. Kwa ule wimbo nikampunguzia. Akalipa palepale tulipoanzia, akaenda na mkoba wake, na mimi nikakaa juu ya belo la mitumba nikiwa na umri wa miaka kumi.

Wa rika langu mtakumbuka kwamba kanda mpya ilikuwa na harufu. Plastiki, wino wa karatasi ya jalada, na kitu kingine kikali kidogo kama siki. Ulifungua kasha ukanusa kwanza, kusikiliza kukafuata. Na mtakumbuka kwamba Kayole ya wakati huo, huku mashariki mwa Nairobi, haikuwa imebanana magorofa hivi, mpaka mtu wa chini aombe jua kwa mtu wa juu. Sisi tuliishi kwenye ploti ya vyumba kumi na viwili, mfereji mmoja na vyoo viwili, kimoja kati yavyo kikiwa na mlango. Ng'ambo ya mtaro, mkabala nasi, kulikuwa na nyumba ndogo ya mabati ambayo haikuwa ya kukodi. Ilikuwa ya Mama Kizito mwenyewe, na kwa hilo tu aliheshimiwa kama mwenye jumba. Alikuwa mshonaji. Cherehani yake ya kukanyaga ilikaa mlangoni ili ipate mwanga, na mlio wake ndio uliokuwa saa yetu. Ukianza, tumechelewa shule. Ukinyamaza, ni wakati wa kula.

Kizito alikuwa mwanawe wa pekee, na ndiye aliyejiita Bati Kumi. Katika wimbo wake wa kwanza kushika mtaani alisema amelelewa chini ya mabati kumi, na kwamba mvua ikinyesha alikuwa akipigiwa ngoma bure. Maneno hayo yalinikosesha raha. Mimi kitu kikitajwa idadi lazima niende nikakione. Nilipanda juu ya tangi la maji la ploti nikahesabu mabati ya Mama Kizito. Kumi na moja. Nikashuka, nikanywa maji, nikapanda tena. Kumi na moja. Jumatatu nilikwenda na habari hizo shuleni kama askari aliyefumania wizi, na hakuna aliyejali. Watu wakishapenda wimbo hawataki hesabu.

Kabla ya kuimba, Kizito alikuwa na kazi katika kiwanda cha sabuni huko Industrial Area. Kazi ya kudumu, yenye viatu na bahasha ya mwisho wa mwezi. Baba yangu alikuwa mtu wa vibarua. Kila asubuhi alitembea mpaka kwenye lango la kiwanda, akasimama na wenzake kungoja kidole cha msimamizi kimwelekee. Siku nyingine kidole kilimpita. Kwa watu kama sisi, mwenye kazi ya kudumu hakuwa na haki ya kuiacha, na Kizito aliiacha. Aliiacha akaingia studio, na jioni alipomletea mamake kanda ya kwanza yenye sauti yake, ploti nzima ilisikia jibu.

"Hayo makelele hayaingii nyumba hii nikiwa hai," alisema Mama Kizito. Hakupaza sauti. Ilikuwa sauti ileile aliyomwambia nayo mteja kwamba suruali itakuwa tayari Ijumaa, na ndiyo sababu tuliamini.

Kizito alirudisha kanda mfukoni, akahamia upande wa pili wa mji. Si mbali, ni nauli mbili tu, lakini Krismasi mbili zilipita bila yeye kuonekana. Aliwahi kumtumia mamake sukari na mtu. Sukari ikarudi na mtu yuyo huyo, nailoni haijafunguliwa.

Sisi watoto tulibaki na sauti yake, na hata hiyo tulikuwa nayo vipandevipande. Wimbo wa foleni ya maji ulikuwa kwenye kanda ya harusi ya kaka ya mtu, umebanwa katikati ya nyimbo za Kilingala. Ule wa lango la kiwanda tulikuwa nao nusu, kwa sababu aliyeurekodi kutoka redioni alichelewa kubonyeza, na kwa miaka miwili niliamini kwamba unaanzia katikati ya neno. Wa mabati ulikuwa kwa kinyozi, naye hakuucheza kama hunyolewi. Ukitaka kusikia nyimbo tano za Bati Kumi ilibidi uwe na urafiki na watu watano, na mmoja kati yao hakosi kuwa mtu usiyempenda. Kwa hiyo kanda moja yenye nyimbo zake kali zote, kila wimbo na kichwa chake na miguu yake, kwetu ilikuwa kitu cha kuota.

Kanda hiyo ilifika kwa Kamaa Jumamosi moja asubuhi. Kamaa alikuwa muuza kanda wa stejini, kituo cha matatu cha Spine Road, mwenye kibanda cha waya wa kuku na spika mbili zilizotazama barabara. Alikuwa ametundika bango. Kizito alikuwa mle kwa rangi nyeusi na nyeupe, amevaa shati safi, anatazama juu kidogo kama anayeitwa. Chini ya kidevu chake kulikuwa na miaka miwili yenye kistari katikati, na chini ya hiyo miaka, nyimbo kumi na nne. Spika zilikuwa zikizicheza moja baada ya nyingine, na watu wapatao ishirini walikuwa wamesimama wakisikiliza bila kuongea.

"Niaje, mdogo," akasema Kamaa. "Unanunua au unaangalia?"

"Naangalia kama nitanunua."

"Angalia na macho. Mikono weka mfukoni."

"Hizi zimekusanywa zote?"

"Zile kali zote. Tangu aanze."

Sasa lazima niwaeleze kwamba mimi nilikuwa mtoto wa matanga. Mama alikuwa katika kikundi cha akina mama cha mtaa, na alinipeleka kila msiba tangu nikiwa mgongoni. Nilichojifunza kwa kuhudhuria sana ni kwamba mtu wa kwetu hukusanyiwa mazuri yake siku moja tu. Akiwa hai anaambiwa amekonda, amechelewa, watoto wake wana makamasi. Akifa, picha yake nzuri inatafutwa, inatolewa rangi, inaandikwa miaka miwili chini, na mtu anasimama kusoma mema yake yote kwa mpangilio, tangu aanze. Kisha spika zinatolewa nje, muziki unapigwa, wapita njia wanasimama. Wenyewe tuliita disko matanga. Na hapo mbele yangu palikuwa na picha, miaka, mema yaliyopangwa, spika, na watu waliosimama kimya. Vitu vitano. Nikavipitia tena kwa vidole. Vitano.

Mtoto haulizi kama mtu amekufa. Nilifanya nilivyofundishwa.

"Pole," nikamwambia Kamaa.

"Asante," akajibu bila kugeuka.

Kwetu pole hujibiwa asante kabla mtu hajajiuliza ni ya nini. Labda alidhani ni ya jua, maana lilikuwa kali. Mimi niliiweka kuwa kitu cha sita, nikakimbia nyumbani.

Mama alikuwa akifua karibu na mfereji.

"Mama, Kizito ametuacha."

"Alituacha zamani. Hebu nisogezee hiyo ndoo."

"Ametuacha kabisa. Picha yake iko kwa Kamaa. Ina miaka."

Mama aliacha shati la Baba likielea. "Nani amekwambia?"

"Nimempa Kamaa pole, akaipokea."

Mnaweza kuuliza kwa nini mtu mzima hakutembea dakika tano mpaka stejini kuhakikisha. Nami nimejiuliza, tena nikiwa na umri wa Mama wa wakati ule. Nadhani ni kwa sababu stejini kulikuwa na watu wengi, na habari ilikuwa tayari barabarani. Mama alivuka kwa Mama Zainabu, mwenyekiti wa kikundi, mwanamke wa Kiislamu mwenye asili ya pwani, ambaye katika mambo ya msiba alisikilizwa na Wakatoliki, Waprotestanti na hata walevi.

"Huyu mtoto kaona kwa macho yake?" akauliza Mama Zainabu.

"Ameona. Na unajua yeye hakosei hesabu."

"Basi twende. Tusimwache mwenzetu asikie haya kwa makanga wa matatu."

Na kweli, hesabu sikuwa nimekosea.

Kwenda kumpasha mtu habari ya msiba kuna utaratibu wake. Hakuna anayesema neno. Unajifunga leso, unabeba ulichonacho, unaingia, unaketi. Saa saba mchana akina mama tisa walivuka mtaro wakiwa na unga, majani ya chai na sukari, na mimi nyuma yao kama shahidi. Mama Kizito alikuwa akishona upindo wa sketi ya shule. Alisema karibuni, akaendelea kukanyaga. Mmoja akaketi kitandani, wawili juu ya sanduku, wengine mkekani. Mama aliweka sukari mezani taratibu, kama anayeweka yai. Mama Kizito alimaliza upindo mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno. Kisha akazitazama zile leso, moja baada ya nyingine.

"Ni Kizito," akasema. Hakuwa anauliza.

"Tuombe subira, mwenzangu," akajibu Mama Zainabu.

Mguu ukatoka kwenye pedali. Gurudumu la cherehani likazunguka peke yake kidogo, likasimama.

Nilingoja alie. Katika matanga yote niliyokuwa nimehudhuria, hapo ndipo kilio huanza, na watoto hutolewa nje. Hakulia. Alikaa na mikono juu ya ile sketi, akatazama pale mlangoni kama kuna mtu.

"Alisimama hapo," akasema. "Alitaka nisikilize tu. Hata wimbo mmoja." Akatugeukia. "Hakuna mtu ana sauti yake?"

Nikatumwa mimi. Njiani nilijipanga namna ya kubishana na Kamaa, maana sikuwa na kitu na nilitaka kanda mpya, si ile iliyochoka ya kuchezea watu. Nilikuwa na hoja tatu. Nikafika, nikasema Mama Kizito anataka ile kanda. Kamaa akapunguza spika.

"Nani anataka?"

"Mama Kizito."

"Wa pale kwa mtaro? Mamake mwenyewe?"

"Eeh."

Akachukua kanda ambayo haijafunguliwa, akaipangusa kwenye shati lake mara mbili, akanipa. "Mpelekee. Usilipe. Nimengojea sana hii siku." Macho yake yalikuwa yanang'aa, nami nikaona ni majonzi. Niliondoka na hoja zangu tatu bila kuzitumia. Hakuna kinachomvunja moyo mtu wa biashara kama kupewa bure.

Redio ilikuwa ya Mama Zainabu, na betri zake zilikuwa zimeanikwa juani tangu asubuhi ili zipate nguvu kidogo. Mama aliifungua kanda, na ile harufu mpya ikajichanganya na harufu ya mafuta ya cherehani na ya kitambaa cha sare. Akabonyeza.

Nimesikiliza muziki katika sehemu nyingi, lakini sijawahi kuona wasikilizaji kama wale. Akina mama wa mtaa wetu walikuwa wamemsikia Bati Kumi akipita tu, kutoka kwa dirisha la mtu au kwa kinyozi. Hakuna aliyewahi kumsikiliza mpaka mwisho wa wimbo. Lakini matangani huwezi kuinuka ukaenda. Ulikuja kukaa, na unakaa. Kwa hiyo walikaa, kina mama tisa na mwenye msiba mmoja, wakisikiliza wimbo baada ya wimbo kama wanaosomewa wosia.

Wimbo wa kwanza ulikuwa wa lango la kiwanda, na hatimaye nikausikia mwanzo wake. Ulianza na kukohoa. Kikohozi cha wanaume waliosimama kwenye baridi wakingoja kidole. Mama alijua kikohozi hicho, alikuwa akilala nacho kila siku, akainamisha uso. Wa pili ulikuwa wa mabati. Ulipofika pale pa kumi, nilitazama dari. Sikuweza kujizuia.

"Ni kumi na moja," akasema Mama Kizito.

Wote wakamgeukia. Nilikuwa nimepata mtu wa kwanza duniani wa kukubaliana nami.

"La kumi na moja alileta yeye," akaendelea. "Mshahara wake wa kwanza. Hapo juu ya kitanda changu palikuwa panavuja. Alilibeba kichwani kutoka Shauri Moyo mpaka hapa. Nilidhani hata amesahau." Akafikiri. "Hajihesabii alicholeta yeye."

Wimbo wa tatu ulikuwa wa foleni ya maji, na hapo mambo yakaanza kuharibika, kama matanga. Ndani yake kuna mwanamke anayemwambia mwenzake aliyeruka foleni kwamba hata siku ya kiama atafika na mtungi wake akidai aliacha jiwe kushika nafasi. Mama Zainabu akashtuka.

"Hayo ni maneno yangu."

"Ni yako kabisa," akasema Mama. "Uliniambia mimi."

"Na hakuniomba ruhusa, mtoto huyu, Mungu amrehemu. Kumbe tukigombana alikuwa anatusikiliza."

Mmoja akacheka, akajiziba na leso. Kicheko kikazunguka mkekani kama chawa. Kufikia upande wa pili wa kanda walikuwa wameanza kubishana. Huyu anasema wa foleni ndio mkali kuliko yote, yule anasema haufiki ule wa mwenye nyumba anayebisha mlango na watu wamejifungia ndani wakipumua kwa zamu. Kila mmoja alikuwa amejikuta mahali, na aliyekuwa hajajikuta bado alisogelea redio. Hivyo ndivyo watu hupenda nyimbo zilizokusanywa, nimekuja kuelewa. Ukiwa na wimbo mmoja unaona mwimbaji anajisifu. Ukiwekewa kumi na nne kwa mpigo unagundua kwamba miaka yote alikuwa anazungumza juu yako. Mama Kizito peke yake hakubishana. Alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, na kila wimbo ulipoisha aliufuata kwa kidole juu ya ile karatasi ya jalada, akitafuta jina lake.

Baba aliingia wakati huo. Jumamosi walifanya kazi nusu siku. Alisimama mlangoni na kofia mkononi, akaona leso, akaona sukari, akasikia ile sauti.

"Kuna nini?"

"Kizito," akanong'ona Mama.

"Kizito amefanya nini?"

"Ametuacha, Baba Nekesa. Vua viatu hapo nje kwanza." Nekesa ni mimi.

"Kizito gani?" akauliza Baba. "Huyu wa hapa? Nimeachana naye saa sita nikitoka, pale nje ya kiwanda, anabandika mabango yake ukutani. Amenisalimia. Ameuliza cherehani bado inafanya kazi."

Sijui kama mmewahi kutazamwa na wanawake tisa kwa wakati mmoja. Walinitazama wote, na Mama akanitazama zaidi. Nilianza kueleza juu ya picha na miaka, ambayo kumbe ilikuwa ya wimbo wake wa kwanza na wa karibuni, na spika, nikafika kwenye kitu cha nne nikaona hesabu inapotea. Mama alikuwa ameshavua ndala.

"Mwache," akasema Mama Kizito.

Alikuwa ameshika ukingo wa meza ya cherehani kwa mikono miwili. Rangi ilikuwa inarudi usoni mwake polepole, kuanzia shingoni. Alimtazama Baba kwa muda, kama anayetafuta kasoro kwenye mshono, na hakuiona.

"Yuko hai," akasema.

"Kama mimi," akasema Baba. "Mwembamba tu."

"Mwite aje. Usimwambie kitu. Mwambie mimi ninamtaka, leo." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, rudisha mwanzo."

Betri zilikuwa zimechoka, kwa hiyo nilirudisha kanda kwa kalamu. Hiyo ndiyo ilikuwa adhabu yangu. Nilizungusha mpaka kidole kikavimba, akina mama wakipika chai ya sukari ile ile, kwa sababu chakula kilichoingia nyumba ya msiba hakirudi kilikotoka, na hakuna aliyejua sheria inasemaje msiba ukikosekana. Hakuna pia aliyejua kama sasa anaruhusiwa kwenda. Mama Zainabu akaamua kwamba wamekuja kukaa na watakaa. Betri zikapigwa jua tena kidogo, na kanda ikaanza upya. Mara hii Mama Kizito alisogeza kiti chake mpaka sikio likawa karibu kugusa redio.

Kufikia saa kumi nilikuwa nje mlangoni nikisuuza vikombe nilipomwona Kizito anakuja mbio kando ya mtaro. Alikuwa peke yake. Baba alikuwa amebaki kulinda ndoo ya gundi na mabango, maana vitu hivyo ukivigeuzia mgongo si vyako tena. Kizito alikuwa na gundi ya unga mpaka kwenye viwiko. Alifika ng'ambo ya mtaro akasimama ghafla, kama mtu aliyefungwa kamba. Kutoka mlangoni kwa mamake ilikuwa inatoka sauti yake mwenyewe. Kupitia mlango huohuo aliweza kuona leso, mkeka, akina mama wamekaa kimya.

"Ni tangu lini?" akaniuliza.

"Saa saba."

"Alikuwa mgonjwa?"

"Hapana. Alikuwa anashona."

Akakaa chini pale pale, kwenye ukingo wa mtaro, miguu ndani. Akaweka mikono yake yenye gundi juu ya kichwa. Hapo ndipo nilipoiona sura yake vizuri, na ilikuwa sura niliyoiona saa saba hiyohiyo upande wa pili wa cherehani. Aliyesema sauti ile haitaingia nyumba ile akiwa hai alikuwa mtu wa kutimiza neno, na mwanawe alilijua hilo kuliko sisi sote. Nikaelewa kwamba kwa siku moja nilikuwa nimeua watu wawili. Nilitafuta neno la kumfufulia huyu wa pili, na kwa kuwa nilikuwa mimi, nikapata hili.

"Amekunywa chai," nikamwambia. "Vikombe viwili."

Kizito akainua kichwa.

"Nani huyo unaongea naye?" ikauliza sauti ya Mama Kizito kutoka ndani.

"Ni Kizito."

Redio ikabonyezwa, wimbo ukakatika. Nilisikia maji yakidondoka kutoka kwenye kikombe nilichoshika.

"Mwambie aingie," akasema Mama Kizito. "Huu wa tano anausema mbio, sishiki kitu. Aje auseme polepole."

Akina mama wakasogea mkekani kumpa njia. Kizito akaingia, akaketi kwenye kigoda cha wateja, magoti juu, mikono hewani ili gundi isiguse sare za watu. Mwanzo hakuweza. Alisema wimbo huo bila ngoma haukai, akasema ni wa kitambo, akasema labda wa sita. Mamake akangoja. Basi akaanza kuusema kama mtu anayesoma barua, na kila alipokimbia, Mama Kizito aliinua kidole, naye akarudi nyuma, akapita pale tena taratibu. Ulikuwa wimbo wa mwanamke mwenye pini mdomoni, anayempima mtoto mabega kila Januari, na kila Januari anamshonea shati kubwa kuliko bega, kwa kuamini kwamba mtoto atafika. Sote tulikuwa tumeusikia mara mbili siku hiyo bila kuusikia. Mama Zainabu alianza kufuta macho kwa pindo la leso, mtu ambaye hakuwa amelia msiba ulipokuwapo.

Alipofika pale pa pini, Kizito alikwama. Mama Kizito alinyoosha mkono, akampima bega kwa shubiri, kuanzia shingoni mpaka mwisho wa mfupa, akarudia kuhakikisha.

"Endelea," akasema.